Karatasi ya Nyuma ya Mlango

Bosi kasema: Sechelela, andika karatasi
ibandikwe nyuma ya mlango wa namba nne,
mgeni asome, asituamshe usiku.
Andika yaliyo muhimu tu.

Haya.
Karibu Dodoma. Hapa ulipo ni Chadulu.
Ukisikia mji huu ni mkavu, usibishe,
ila jina lake limetokana na kuzama:
tembo, walivyotusimulia, alishuka kunywa maji, akadidimia,
watu wakapiga yowe, idodomya!
Lile tope sijui lilihamia wapi.
Sisi maji tunanunua kwa dumu.

Ndoo ya bluu ni ya kuoga. Ya njano ni ya chooni.
Yaliyofunikwa kwa sahani ndiyo yaliyochemshwa.
Usichanganye kama yule wa Februari.

Saa.
Hapa ndipo wengi wanapoumia.
Saa yetu huanza kuhesabu jua likichomoza.
Dereva akikuambia saa tatu asubuhi,
na saa ya mkononi mwako inasoma tatu,
lala, hata jogoo wa Mama Mbeleje hajageuka.
Toka ikisoma tisa.
Mpima ardhi mmoja, Mfini, hakuambiwa.
Alikaa kizingitini gizani, begi mapajani,
akitazama barabara isiyo na gari.
Sikuwa na lugha ya kumrudisha kitandani.
Niliwasha jiko, nikaleta chai, vikombe viwili,
kukapambazuka tukiwa tumenyamaza pamoja.

Umeme: soketi ni ya matundu matatu.
Ukikatika, mshumaa uko droo ya chini.
Usiite mapokezi. Mapokezi ni mimi,
nami niko kwenye giza hilohilo.

Fedha: usimpe muuza karanga noti ya elfu kumi asubuhi,
utamzungusha mtaa mzima akitafuta chenji
na karanga atakuachia wewe uzilinde.

Blanketi la pili liko juu ya kabati.
Najua, kwenu mmeambiwa huku ni joto.
Ngoja Julai, upepo ukiteremka saa nane za usiku
(zetu, si zako)
ukibisha dirisha kama mtu anayedai deni.

Chakula: ugali wa uwele una rangi ya majivu, usiogope.
Mlenda huvutika. Usiukimbize na kijiko,
zungusha tonge, kata kwa kidole, meza.
Zabibu za Mpunguzi zioshe kwanza,
kisha usimwambie mtu umekula ngapi.

Picha: omba. Mtu si mlima.
Na mlima nao, tazama kwanza kama kuna askari.

Salamu nimeiacha nyuma, nayo ndiyo ya mbele.
Usiulize bei kabla ya kusalimu.
Sema mbukwenyi. Ukikosea tutacheka,
na kicheko nacho ni jibu.
Utaulizwa umeamkaje, kazi, watoto, nyumbani,
mvua ya kwenu inaendeleaje.
Ya mvua ijibu vizuri, usiseme tu salama.
Kwetu si neno la kupitisha muda.
Huja Desemba ikijisikia, Aprili huondoka bila kuaga,
na mwaka ule ilipokosa kabisa
baba aliuza ng'ombe wanne kwa bei ya mbuzi,
nami nikaja mjini kufua mashuka.

Hilo la mwisho bosi kalipigia mstari mwekundu.
Kasema, mgeni linamhusu nini?
Nimelinakili upya, na mstari sijauweka.
Mgeni atalala juu ya mashuka hayo.

Ukiona nimekosea mahali, kuna penseli kwenye uzi.
Mfini aliandika kitu hapo pembeni kwa lugha yao.
Nimemwonyesha kila mgeni, hakuna aliyeweza kukisoma.
Ukiweza wewe, tafadhali nigongee, hata usiku.

Bei ya chumba nimeisahau.
Uliza mapokezi.
Salimu kwanza.