Mjomba wa Shimoni

Mimi ndiye niliyemfinyanga.
Nasema mapema, maana vijana wa zamu ya usiku
hudhani alizaliwa na mlima wenyewe.
Udongo niliuchota ngazi ya nne, penye maji mekundu;
macho ni balbu mbili za kurunzi iliyokufa,
meno ni chupa niliyoivunja kwa nyundo,
na mdomo niliuacha wazi kwa kidole hiki,
upana wa sigara moja.

Tukamwita Mjomba.
Kila Ijumaa tulimwashia,
tukammiminia pombe kali miguuni,
tukamwekea majani ya koka mapajani.
Juu ni kwa Mungu, tuliambiana, chini ni kwa Mjomba,
na sisi, watu wa Potosí, tulilipa kodi pande zote mbili
kama mwenye nyumba mbili asiyelala vizuri popote.

Mwaka wa tatu nilianza kumwogopa.
Shavuni mwake imo alama ya dole gumba langu,
mistari yote, pamoja na kile kidonda cha baruti.
Naijua. Niliitazama
na bado nikainama,
bado nikasema, Mjomba, nirudishe nyumbani.

Dari la ngazi ya tano liliposhuka
Eulogio Choquevilca alikuwa nyuma yangu hatua kumi na moja,
anapiga mluzi.
Kofia yake tuliipata baada ya siku mbili.
Mjomba tulimkuta mzima,
sigara mdomoni, jivu refu halijadondoka.
Wenzangu wakasema: amekula, ameshiba, mwaka huu tutapumua.
Nikautazama ule mdomo nilioupima kwa kidole.
Sikumbuki kumpa tumbo.

Kanisani padri aliumega mkate kwa vidole vyenye baridi.
Hilaria, mjane, alipokea, akameza, hakulia.
Nje, akikaza shali dhidi ya upepo, aliniambia:
"Huyu wa humu ndani analiwa.
Wako anakula.
Wewe unayejua kutofautisha bati na jiwe gizani,
hilo hukuliona?"

Basi nikaacha kumpelekea koka,
nikajihesabu miongoni mwa waliookoka.
Lakini alfajiri, redio ikikaribia kutaja bei ya bati,
niliwanyamazisha watoto,
nikazima jiko ili lisichemke kwa kelele.
Nilisimama. Nilivua kofia.
Sikujua nimeivua
mpaka mwanangu Wilder aliponiuliza:
"Baba, nani amekufa?"

Ah.
Ukimwondoa mmoja kitini, kiti hubaki na joto,
na mwingine hukaa kabla hujafuta vumbi.
Yule wa pili hakuwa hata na uso wa kuogopa.
Tarakimu tu, kutoka mji nisioujua,
nazo zilinifungisha kula siku nyingi kuliko Kwaresima.

Sasa nasali Baba Yetu.
Polepole, kama mtoto aliyelelewa ujombani
anayezoesha ulimi neno "baba"
akiwa na mvi.
Yeye pia alishika udongo, wanasema,
ila alipouinamia alipuliza, ukaamka.
Mimi nilichopuliza kilikuwa moshi.
Usiku nikivua shati natafuta mwilini
alama ya dole gumba lake.
Naona makovu ya kazi, basi.
Hilaria anasema nisitafute kwa ngozi,
nitafute kwa yale ninayoshindwa kuyauza.

Kwenda kazini bado napita mbele ya Mjomba,
njia ni hiyo moja.
Ijumaa mkono hujiendea mfukoni.
Siku nyingine nauzuia.
Juzi sikuuzuia.
Nikaenda, nikafanya kazi saa nzima bila kusikia nyundo yangu,
nikarudi, nikaichomoa ile sigara kinywani mwake,
nikaivuta mwenyewe,
nikicheka, magoti yakitetemeka,
nikingoja mlima useme.

Maji yalidondoka.
Ngazi ya juu, mtu fulani
alikuwa anapiga mluzi.