Tarakimu Ishirini

Tokeni za mia mbili zilikuwa zatufikisha wiki.
Mwezi wa Rajabu zikaanza kwisha siku ya tatu.
Nikaishutumu friji, nikaizima,
maziwa yakaharibika bure.
Nikawashutumu majirani, wamenivutia waya.
Wewe sikukushutumu, Shekuwe,
uliyesema wasoma, komeo kwa ndani.

Kumbe ni kasha.
Lile la plastiki, la buluu, la kifuniko cha kubana,
nililokununulia utie nguo zisiliwe na mende
uliporudi Lamu na chuo nusu.
Punda wa Bunu alilileta kutoka gatini
nami nikalipa mbeba mzigo mara mbili, kwa furaha.

Usiku niliamka kutafuta maji ya udhu
nikauona mwanga chini ya mlango,
rangi ya zambarau lililopondwa sakafuni.
Nikasema: jini.
Nikasoma Ayatul Kursi mara tatu.
Jini halikuondoka. Lilikuwa na feni,
nikalisikia likivuma.

Na harufu!
Nilifukiza udi, harufu ikaula udi ikashiba.
Bi Zuhura wa Kupi akauliza kutoka barazani,
"Kuna fungo kafia darini kwenu?"
Nikasema, ndiyo, fungo.

Ijumaa ukaenda msikitini, ufunguo ukausahau.
Nikafungua.
Karatasi za kung'aa umezibandika pande zote za kasha,
feni umeitoa kwenye kompyuta mbovu ya marehemu babako,
waya umeukaza kwa kipande cha leso
(leso niliyoitafuta tangu Mfungo Sita!)
na katikati, ndani ya kopo la samli,
mti.
Mmoja tu. Jani lina vidole saba,
kama mkono unaotaka kusalimiwa.
Bangi. Neno nalijua tangu utoto,
sura yake sikuwahi kuiona.

Mungu anisamehe, niliinama nikautazama.
Umeuegemeza kwa kijiti,
umeufunga kwa uzi wa kushonea kofia,
fundo dogo, la kulegea, usije ukachubuka.
Na ukutani, kwa penseli:
Jumatatu, kikombe nusu. Jumatano, umenuna.
Alhamisi, umechangamka.

Wewe!
Asumini langu la uani lilikufa kwa kiu
ukilipita kila siku na bilauri mkononi.
Wivu ulinishika kabla ya hofu.

Niliung'oa kabla hujatoa salamu.
Mizizi ilikuwa imeshashika umbo la kopo.
Nikaukatakata, nikautia chooni, ndoo tatu za maji;
uzi wa kofia nikaufungua kwanza,
sijui kwa nini.

Siku sita hukunisemesha.
Ya saba wakaja, saa kumi alfajiri,
maana kijana wa Famau alishikwa Shela
akataja majina kama mtu ahesabuye tende.
Wanaume wawili na mwanamke mmoja,
yeye peke yake aliyevua viatu.
Wakaingia chumbani moja kwa moja, wakafunua kasha.
Taa yawaka. Feni yavuma. Karatasi zametameta.
Ndani ya kopo la samli: rehani.

"Mama, rehani yataka taa ya nini?"
"Mwanangu, hii ni nyumba ya mawe.
Ukuta wake mkono mzima hauvuki.
Jua la Lamu hupita juu ya mapaa likaenda zake,
nami nauza vikuba."
Wewe ulisimama pembeni, umeshika kikoi kama kitaanguka.
Yule mwanamke akanusa, akaomba kitawi.
Nikamkatia.

Ahsante hujaniambia. Sijaidai.

Leo nimenunua tokeni nyingine, za mia mbili.
Nabonyeza tarakimu ishirini kwenye mita,
nakosea ya kumi na saba, naanza upya.
Mlango wako u wazi.
Ukutani, chini ya maandishi yale,
kuna mstari mpya wa penseli:
Rehani. Kikombe nusu. Imenuna.