Mita Inayozunguka Bure

Naanza na barabara ya kwanza, kila Jumatatu,
na tochi, na daftari la namba, na kalamu ya ofisi.
Ngamiani yote nimeachiwa mimi:
nyumba kwa nyumba nainamia vifuniko vya chuma,
nafuta tope, namwondoa jongoo, nasoma.
Sifuri, sifuri, nne, saba, mbili.
"Msomaji umefika?" watu huniuliza.
Hawajui kwamba naandika.
Sijawaambia.

Riwaya ilianzia nyuma ya fomu za bei ya zamani,
zilizokuwa zinangoja kuchomwa.
Upande mmoja deni la Mzee Shekalaghe,
upande wa pili Sikudhani anafunga sanduku
amkimbie mumewe.
Anafunga tangu mwezi wa Machi.
Sasa ni Novemba, bado anafunga.

Usiku, mwanangu akishalala na soksi moja mguuni,
naketi jikoni juu ya ndoo niliyoipindua,
maana meza ina cherehani ya dada
na cherehani ina kanzu ya mtu anayeoa Ijumaa.
Naandika mistari minne.
Nafuta mitatu.
Umeme unakatika; huo mmoja uliobaki
nausema kwa sauti usije ukanitoroka.
Dada, kutoka chumbani: "Unaongea na nani?"
"Na Sikudhani."
"Mwambie alale."

Sura ya tatu mwanangu aliifanya tiara.
Ikapanda juu ya mabati ya barabara ya kumi na nne,
ikanasa kwenye waya, na mpaka leo ipo pale, imepauka.
Nikipita nainua kichwa
nione kama lile neno nililolipenda limesalia.
Niliiandika upya. Ikawa fupi.
Ikawa, basi nakubali, afadhali.

Hatibu wa stesheneri, aliyenichapia kwa mia tatu ukurasa,
hakusema kitu mpaka siku ya malipo.
"Dada Mwajabu, huyu mume,
ukurasa wa sitini kavunjika mguu,
wa themanini anakimbilia treni.
Alipona lini?"
Nikasema, atapona.
"Na yule mkwe aliyeleta machungwa ya Muheza?
Kaingia, katua kapu, hatukumwona tena."
Ndiyo Tanga hiyo, nikamjibu, waja leo waondoka leo.
Hakucheka. Akanihesabia chenji
kwa kidole chenye wino wangu.

Jana, barabara ya kumi na saba, kwa Bi Mwanakombo,
mifereji yote imefungwa, nimeikaza kwa mkono wangu,
hata ule wa chooni,
na mita bado inazunguka.
Kisindano chekundu, polepole, kama mtu mwenye siri.
"Sasa maji yanakwenda wapi?"
Chini, mama. Bomba limetoboka mahali tusipopaona.
"Kwa hiyo nalipia nisichokunywa."

Nikabaki nimesimama na kalamu.
Sura ya tisa. Kurasa ishirini:
mvua, soko la Mgandini, mkonge ukianikwa,
babu wa mtu fulani, historia nzima ya sanduku,
yote mazuri, wallahi, mengine nilikuwa nimeyaghani moyoni,
na Sikudhani hayumo.

Usiku nikachimba.
Mkonge ulitoka na mizizi yake.
Babu aliondoka bila kuaga.
Mvua niliionea huruma, nikaacha tone moja kwenye kizingiti.
Saa nane kasoro, mimi na ndoo yangu,
Sikudhani akabana kufuli la sanduku.
Likalia: ta.
Nikashtuka, kana kwamba si mimi niliyemshikisha.

Mlango hajaufungua.
Anasikiliza kama mume amelala kweli,
nami nikasikiliza naye mpaka adhana,
kisha nikapiga sare pasi.

Leo ni barabara ya kumi na nane.
Tochi inataka betri.