Diski Nne kutoka Guangzhou

Sanduku limefika kwa mkono wa Subeti,
limekunjwa ndani ya mashuka na chaja za simu:
diski nne, filamu saba za televisheni ya Hong Kong,
za miaka ile kanda zilipokuwa nzito kama tofali
na baba akizikodisha Darajani kwa usiku mmoja,
na ukiirudisha hukuivuta mwanzo, faini.

Basi nakagua. Kazi hii naijua.
Picha kwanza: wameisafisha, haki yao wapewe.
Ule mstari mweupe uliokata paji la uso la kila mtu
haupo. Nami miaka yote nikidhani
kwao hunyesha hadi ndani ya nyumba.
Ukijani umepungua, nyanya zimekuwa nyekundu.
Filamu ya tatu giza limezidi,
mtu akiingia humwoni mpaka akohoe.
Jalada baya. Wamechora ua,
na katika filamu zote saba hakuna ua hata moja.

Ya nne ndiyo niliyokuwa nikiingoja.
Mwanamke, ndoo mbili, ngazi.
Majumba marefu, nguo zimeanikwa madirishani;
tukisema, huyu anakaa Michenzani, jumba namba saba,
hajatuamkia tu.
Na Shaame, dobi wa madaktari wa Kichina pale hospitali,
akisimama kando ya televisheni na mwavuli uliofungwa,
akitufasiria.

Leo maandishi yapo chini, Kiingereza, herufi za manjano,
nasoma na moyo unanidunda.
Pale Shaame aliposema, "Anamwambia mumewe:
nitakungoja hata nibakie mifupa,"
maandishi yanasema mchele umepanda bei tena.
Pale tulipolia sote, Bi Raya akijifuta kwa ukaya,
yule bibi alikuwa akiuliza nani kaiba sabuni.
Kichina cha Shaame kilikuwa cha wodini:
vuta pumzi, toa ulimi, inauma wapi.
Na hawa wanasema Kikantoni,
ambacho hata daktari wake asingekifahamu.

Mwongo mkubwa. Mola amrehemu.
Kila usiku alitunga filamu nzima
kwa malipo ya kahawa na kashata mbili.

Tafsiri ya diski: sahihi, nadhani.
Kavu, mkate wa juzi.

Kanda yetu ilikwisha kabla ya hadithi,
aliyeirekodi alirekodi mpira juu yake.
Shaame hakujali. Akageuza mgongo kwa wachezaji
akaendelea: kapewa chumba cha chini, alisema,
chenye bomba lake mwenyewe,
na bintiye kasomea uuguzi.
Tukaenda kulala tumeshiba.

Mwisho wenyewe umo humu, dakika nne.
Anafika ghorofa ya tano. Anatua ndoo.
Anatazama kiganja, palipochimbwa na waya.
Hasemi, na maandishi nayo hayana la kusema.
Halafu majina ya walioitengeneza, kwa herufi zao,
yanapanda. Yanapanda polepole.

Nilikuwa sijaandika alama bado
chini zikapigwa kelele: Maji yametoka!
Nikalisimamisha jina moja katikati ya kioo,
nikachukua ndoo.