Fomu Tatu

Fomu tatu mezani, nimezikandamiza kwa kopo la sukari,
upepo wa ziwani usije ukanichagulia.

Ya Lubumbashi ina karatasi nzito, inang'aa:
vijana kwenye ngazi, wanacheka,
wamekumbatia vitabu ambavyo hawajavifungua.
Baba anaipenda. Huko kuna migodi, anasema,
na mgodi hauchoki kudai ripoti.
Sijamuuliza ripoti hizo husomwa na nani.

Ya Bukavu: usiku mmoja melini,
kisha chumba cha shangazi Nsimire kule Kadutu,
ambako mvua ikinyesha kitanda huhama.

Ya tatu ni ya hapa hapa Goma.
Fotokopi, imeinama upande,
namba ya simu ya masjala imekatwa, ikaandikwa nyingine kwa kalamu.
Idara ya Mawasiliano ya Sayansi na Ufundi.
Ina miaka miwili. Ina walimu watatu.
Jirani kauliza: ndiyo udaktari? Hapana. Utatangaza redioni? Hapana.
Basi utakuwa nani, Kanyere?

Nilikwenda kwa miguu, juu ya mawe meusi,
nikamuuliza mmoja wa wale watatu: mnafundisha nini?
Hakunipa kitabu. Alinipa taarifa ya mlima, ya wiki ile,
akanitoa nje hadi kwa mama muuza makala:
Msomee.
Nikasoma. Mitetemo, vina, kiwango cha manjano.
Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono myeusi magotini,
akasema: Sawa. Kwa hiyo leo nilale hapa, au nisilale?

Nilitafuta mstari kwa mstari.
Kila kitu kilikuwamo. Hilo halikuwamo.

Nyuma ya kanisa letu kuna shimo, na penye shimo kibao:
UKOLEZI WA DIOKSIDI KABONI UNAZIDI ASILIMIA KUMI.
Kimepigwa rangi vizuri. Hakuna kosa hata la herufi.
Paluku, mdogo wangu, alikuwa wa pili darasani;
wenzake wanasema alikisoma chote, kwa sauti,
ndipo akashuka kuufuata mpira.

Bibi alikuwa na neno la jambo hilo tangu utoto wake:
mazuku.
Silabi tatu. Zingeenea kwenye kibao,
na nafasi ikabaki ya kuchora mtu aliyelala.

Sisemi aliyekiandika ni mtu mbaya.
Nadhani alikuwa na haraka, au aliogopa wakubwa wake,
au hakuna aliyempeleka kwa mama wa makala.

Fomu ya tatu, chini kabisa:
Sababu ya kuchagua chuo hiki. Mistari miwili.
Naandika: Mpira ulikuwa wa rangi ya machungwa.
Nakata.
Baba anapita na taa, hasemi kitu, anaiacha mezani.
Naanza tena, kwa herufi kubwa,
polepole,
kama mtu anayeandika kibao.