Glavu Namba Kumi

Mimi ni mtunza stoo. Mwaka wa tisa sasa
nagawa glavu kupitia kidirisha cha nondo,
Mafinga, kiwanda cha plaiwudi,
asubuhi za Juni ukungu ukiingia na zamu ya kwanza
bila kitambulisho.

Mstari unakuja na salamu zake:
kamwene, anasema Mhehe; ugonile, Mnyakyusa wa Tukuyu;
Mkinga anauliza kwanza kama kuna ya akiba.
Obadia Luvanda, kiziwi tangu surua ya utotoni,
anagonga kaunta mara mbili kwa kifundo
nami nagonga mara mbili.
Wote nawapa namba kumi.

Namba kumi ndiyo inayoletwa.
Huko makao makuu, Dar es Salaam, huagizwa mkono mmoja tu,
mkono wa mwanamume aliyeshiba
ambaye sijawahi kumwona kwenye mstari wangu.

Nsajigwa zinambana, anapasua mshono kwa wembe.
Obadia huzivua kila anapotaka kusema:
ndani ya hizi, ananionyesha, maneno yangu yanalewa.
Na Ezelina Mgovano,
aliyechuma chai Mufindi miaka sita, majani mawili na chipukizi,
vidole vyepesi kama vya mtu anayehesabu noti za mwenzake,
yeye zilimwachia ncha tupu mbele ya kila kidole,
inchi nzima ya mpira isiyo na mtu.

Rola ilianza na inchi hiyo.

Ilikuwa Jumanne. King'ora kililia baadaye,
kama jirani anayefika msibani matanga yameshaanuliwa.
Aliyewahi ni yule asiyesikia.
Obadia huisoma mashine kwa nyayo:
sakafu ilibadili mwendo chini ya buti zake,
akageuka, akaruka magogo mawili,
akakipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima.
Rola ikasimama kwenye pingili ya pili.

Fomu ililetwa kwangu, kwa kuwa kifaa kilitoka kwangu.
Chanzo: uzembe. Walishaandika kwa wino.
Kifaa kilitolewa? Ndiyo.
Kilikuwa kizima? Ndiyo.
Hakuna kisanduku kinachouliza kama kilimwenea.
Nikatia sahihi.
Nalisema hili hapa kwa sababu pale hakuna aliyeniuliza.

Ubao wa getini, siku bila ajali, ulisoma 212.
Kesho yake, 213.
Kidole cha pete hakijafikia ajali, alieleza ofisa,
hicho ni tukio.

Wiki ile ulanzi ulinikataa.
Nikachukua hati za mapokezi, nikazigeuza upande mweupe,
nikanoa penseli ya seremala.
Weka mkono, nikamwambia wa kwanza. Tanua vidole.
Mikono arobaini na mitatu, kwa siku nne.
Wa Nsajigwa ulivuka karatasi, dole gumba nikalimalizia kwenye kaunta;
bado lipo, futa usifute.
Binti wa Njombe, aliyeajiriwa juzi,
alikuwa na kiganja kidogo hata akakiombea radhi.
Obadia alikataa kuchorwa mmoja. Yote miwili, akaonyesha,
mimi siongei kwa upande.

Ezelina alikuja mwisho, bendeji ikiwa imebadilika rangi.
Nikazunguka dole gumba, cha shahada, cha kati.
Kwenye cha pete nikakwama,
sikujua penseli ipite wapi.

"Chora nacho," akasema. "Glavu zinauzwa za vidole vitano."

Nikachora kirefu kuliko kilivyokuwa, nadhani.
Sikuwahi kukitazama vizuri.

Bahasha ilipanda lori la Ijumaa.
Leo katoni imefika, bado ina kamba,
namba yake ipo ubavu ulioelekea ukutani.
Saa kumi na mbili kasorobo.
Nimeshika kisu.
Nje ya kidirisha, mtu anagonga mara mbili.