Benchi Lenye Mguu wa Tofali

Kwanza nilipiga kofi.
Moja tu, katikati ya ukumbi mtupu wa Khayega,
nikahesabu marejeo yake:
matano, sita, la saba likafia juu
kwenye mabati yasiyovikwa dari.
Nikaandika daftarini: chumba hiki
hujibu kabla hakijaulizwa.

Kamati ilikuja na orodha yake.
Spika mbili kubwa kama kabati za bibi harusi,
"zitikise," alisema mwenyekiti Lumbasi,
na maikrofoni tano, zote za meza kuu.
Nikauliza, na umma?
Umma, akasema, utasikiliza.

Sikubishana. Mimi ni fundi, nalipwa kwa mita ya waya.
Nikatoa utepe nikapima
toka jukwaani hadi benchi la mwisho,
lile lenye tofali badala ya mguu mmoja.
Mama mmoja alikuwa ameketi hapo
akingoja dirisha la dawa lifunguliwe zahanati ya jirani.
Khasiala. Sikio la kushoto, alisema,
lilikwenda na surua, darasa la pili.

"Bajeti tatu nimekaa hapa.
Ya kwanza nilisikia 'barabara'.
Ya pili nilisikia 'asanteni'.
Ya tatu niliona midomo tu,
nikapiga makofi wenzangu walipopiga."

Usiku nikachora kwa kalamu ya risasi.
Zile kabati mbili nilizifuta:
sauti kubwa ikitoka mbele
wa mbele huungua, wa nyuma hupata moshi.
Nikaweka spika ndogo sita, tatu kila ukuta,
kwenye kimo cha mkono ulioinuliwa,
kila moja iseme na benchi zake
kwa upole, kama jirani anayekunong'oneza kanisani.
Mapazia mazito madirishani, yanywe mwangwi.
Maikrofoni mbili nikazihamisha toka meza kuu,
nikazipa waya mrefu
unaofika kwenye tofali.

Ikabaki mvua.
Nani asiyeijua mvua yetu? Saa tisa haijatimia
imekwishatoka upande wa msitu,
na ikitua juu ya mabati hakuna amplifaya,
hakuna mheshimiwa, hakuna mchungaji
awezaye kuizidi. Nilikokotoa, nikafuta, nikakokotoa.
Mwisho nikaandika: hapa sauti imeshindwa, waandikieni.
Projekta moja, ukuta uliopakwa chokaa,
tarakimu pana kama kiganja,
azisome mwenye sikio moja na asiye nalo kabisa.

Lumbasi alikata mapazia.
Alikata spika mbili.
Waya mrefu hakuuona;
niliuandika "vifaa vidogo vidogo",
neno nililojifunza kwenye hesabu zao.

Siku ya majaribio, Shivachi kijana wangu
alisimama jukwaani: "Moja, mbili. Moja, mbili."
Ndivyo mafundi tunavyohesabu,
maisha yetu yote hatufiki tatu.
Ukutani tulikuwa tumetupia ukurasa wowote,
bajeti ya mwaka jana, tuone kama herufi zinasomeka.
Zilisomeka.

Nyuma kule Khasiala akainuka.
Alikishika kipaza kwa mikono miwili
kama bakuli la uji wa moto.
"Tatu," akasema,
na spika nne zikalibeba neno bila kulidondosha.
"Nne. Milioni nne, kisima cha Shirere.
Mimi natoka Shirere.
Nimebeba mtungi asubuhi hii."

Akageuza sikio lake la kulia kuelekea jukwaani, akangoja.

Juu, tone la kwanza likagonga bati. Likaja la pili.
Punde hatukusikia hata kikohozi,
ila ukutani ule mstari ulikuwa bado unawaka,
sufuri zake sita zimekodoa macho.

Lumbasi alikuwa akipapasa chini ya meza kuu,
akitafuta swichi ya kuzima maikrofoni za umma.

Sikuwa nimeichora.